Kasa wa Lamu na viota vyao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hatukuyatunga ofisini. Ni yale tunayoulizwa ufukweni kuanzia Shela hadi Kipungani, upande wa Manda, na huko Kiwayu. Huulizwa na wavuvi wakivuta mashua, na watoto wanaotoka madrasa, na wageni walioamka alfajiri wakakuta mchanga umefukuliwa kana kwamba mtu alikuwa akitafuta hazina. Nimeyajibu kama ningemjibu jirani aliyenisimamisha njiani. Mengine yana jibu fupi, mengine yanataka tukae barazani kidogo.

Kasa na kobe ni kitu kimoja?

Hapana. Kobe hukaa nchi kavu na ana miguu. Kasa ni wa baharini, ana mapezi, na hawezi kukificha kichwa chake ndani ya gamba. Redioni utasikia wakimwita "kobe wa baharini", lakini watu wa pwani wana jina lake tangu mababu na hatuna sababu ya kuliacha.

Lamu kuna kasa wa aina gani?

Bahari ya Kenya ina aina tano. Wa kwanza ni kasa wa kijani, ambaye sisi humwita kasa tu bila la ziada. Gamba lake si la kijani, ni mafuta yake ya ndani. Huyu ndiye anayechimba sehemu kubwa sana ya viota vyetu, na chakula chake akikua ni majani ya bahari. Wa pili ni ng'amba, mwenye mdomo kama wa kipanga, anayekula sifongo kwenye miamba. Wa tatu ni kigome, mdogo kuliko wote. Hawa watatu hutaga katika fuo zetu. Duvi, mwenye kichwa kikubwa, na noa, ambaye hana gamba gumu bali ngozi nene, ni wa kupita tu na kutafuta riziki. Noa anaweza kuzidi kilo 500. Mvuvi akimwona mara moja maishani hasahau.

Hupanda lini kutaga?

Mwaka mzima, ila wengi zaidi ni kati ya Machi na Julai, masika yanapoingia na kusi inapoanza kuvuma. Hapo ndipo penye shida yetu, maana kusi ndiyo huleta mawimbi mazito yanayokula ufukwe. Kiota kilichochimbwa pakavu mwezi wa nne kinaweza kufikiwa na maji ya bamvua mwezi wa sita, siku chache kabla ya kuanguliwa. Nimesimama mbele ya viota vya namna hiyo asubuhi, mayai yakielea kwenye povu, na sijalizoea jambo hilo mpaka leo.

Kasa mmoja hutaga mara tatu hadi tano kwa msimu, akipumzika kama wiki mbili kati ya uzao na uzao. Akimaliza hukaa miaka miwili hadi minne ndipo apande tena. Kwa hiyo ukiona njia mpya kila baada ya siku kumi na nne mahali pale pale, usidhani kasa wamejaa. Huenda ni mama mmoja.

Nitajuaje kuwa kasa amepanda?

Utaona njia mbili, moja ya kupanda na moja ya kushuka, na katikati shimo pana lenye mchanga uliorushwa pembeni. Kasa wa kijani huvuta mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja, hivyo alama za kushoto na kulia hulingana, na njia yake ina upana wa karibu mita moja. Ng'amba na kigome hutambaa kwa zamu, pezi hili kisha lile. Alama zao hupishana na njia ni nyembamba zaidi.

Ukikuta njia imepanda ikageuka bila shimo lolote, mama alighairi. Pengine mchanga haukumpendeza. Lakini mara nyingi tukifuatilia tunakuta kulikuwa na mwangaza, mbwa, au kundi la watu waliokuwa na kelele.

Tafadhali usichome kijiti mchangani kutafuta mayai. Yai moja likitobolewa harufu yake huwaita siafu na kaa, na uzao mzima huenda nalo. Usiifute njia pia kabla walinzi wa viota hawajaiona. Wao huipima, huandika, kisha huifuta wenyewe ili mwizi wa mayai asiifuate.

Nimemkuta usiku akipanda. Nifanyeje?

Zima tochi na simu, keti palepale ulipo. Kasa anapotoka majini ni mwoga kupita kiasi, kivuli tu kinaweza kumrudisha baharini na mayai yake tumboni. Ukitaka kumtazama, subiri aanze kutaga, kisha sogea polepole kutoka nyuma, usimpite mbele, na usimguse. Shughuli yote, kuchimba, kutaga, kufukia na kupoteza alama, huchukua saa moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi. Picha za mwanga mkali hapana. Na wazazi, tusiwakalishe watoto mgongoni kwake kwa ajili ya picha. Amebeba uzito wake nchi kavu bila maji ya kumwinua, na kila pumzi anaivuta kwa taabu.

Kwa nini hulia akitaga?

Ni chumvi. Kasa hunywa maji ya bahari, na chumvi iliyozidi hutoka kupitia tezi zilizo karibu na macho. Hata akiwa majini machozi hayo hutoka, ila hatuyaoni.

Hutaga mayai mangapi, na hukaa muda gani?

Kasa wa kijani hutaga mayai kama 100 hadi 120 kwa mara moja, meupe, ya mviringo, ganda lake laini kama ngozi. Huanguliwa baada ya siku 50 hadi 60 hivi. Mchanga ukiwa na joto huwahi, ukiwa baridi huchelewa. Baada ya kufukia, mama huenda zake. Hayalalii wala harudi kuyatazama.

Naogopa maji yatakifikia kiota. Niyahamishe mayai?

Usiyahamishe wewe. Najua nia ni njema, lakini mikono yenye nia njema imeua mayai mengi. Saa chache baada ya kutagwa, kijusi hujishikiza juu ya ganda kwa ndani. Baada ya hapo ukilizungusha yai, ukaliweka juu chini, kijusi hung'oka na kufa, nawe kwa nje utaliona yai zima. Kiota unakifukia vizuri, unakizungushia vijiti, unasubiri miezi miwili, na hakitoki kitu.

Walinzi waliofunzwa huhamisha pale tu ambapo hakuna njia nyingine, yaani kiota kiko chini ya mstari wa maji kujaa. Hufanya hivyo ndani ya saa chache za mwanzo, wakilibeba kila yai katika mkao ule ule liliokutwa nao, na kuchimba shimo jipya lenye kina na umbo kama la mama. Ukiona kiota cha hatari, wapigie simu walinzi au BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, cha kijiji chako mara moja. Simu ya saa kumi na moja alfajiri ina maana kuliko ya saa nne asubuhi.

Kiota kilichotagwa juu ya mstari wa maji huachwa kilivyo. Mama amechagua, naye amelifanya jambo hili kabla hatujakuwepo.

Nimeona watoto wa kasa wanatoka. Niwasaidie kufika majini?

Wafungulie njia tu. Ziba mashimo ya nyayo, ondoa chupa na nyavu zilizokatika, wazuie mbwa, halafu simama nyuma yao gizani. Wanahitaji kutambaa wenyewe.

Hutoka kwa pamoja, mara nyingi usiku, mchanga wa juu unapopoa. Kisha hutafuta upande wenye mwanga zaidi. Tangu dunia iwe dunia upande huo ulikuwa bahari, kwa sababu anga juu ya maji hung'aa kuliko vichaka na vilima vya mchanga vilivyo nyuma. Sasa nyuma yao kuna kuta nyeupe zenye taa. Watoto wanaiacha bahari wanakwenda nyumbani kwa watu, wanaingia kwenye bustani na mitaro, na jua linapochomoza linawakuta huko. Asubuhi moja tulifuata vijinjia vyao, vyembamba kama vya kusukumwa na kidole, vyote vimeelekea kwenye taa ya veranda iliyosahauliwa. Tulifanikiwa kuwarudisha wachache. Wengine walikuwa wameshakauka.

Tena, msiwaweke kwenye beseni ili wageni wa jioni waje kuwaona. Wanazaliwa na nguvu ya akiba inayotokana na kiini cha yai, ya kuwafikisha kwenye maji ya kina. Saa wanazozunguka ndani ya beseni wanaichoma nguvu hiyo bure, na ukija kuwaachia huko baharini hawawezi kumkimbia samaki.

Husemwa kwamba katika elfu moja huenda akafika utu uzima mmoja. Kaa, ndege, kenge, nguchiro na samaki wana fungu lao, na hilo sina ugomvi nalo. Taa ya veranda haikuwemo katika hesabu.

Ni kweli joto ndilo huamua dume au jike?

Kweli. Karibu nyuzi 29 za selisiasi hutoka madume na majike kwa kukaribiana. Chini ya hapo madume huzidi, juu ya hapo majike. Kaskazini mwa mwamba mkuu wa matumbawe huko Australia (Great Barrier Reef), watafiti waliripoti mwaka 2018 kwamba karibu kasa wote wadogo waliowapima walikuwa majike, asilimia 99. Ndiyo maana tunashikilia kivuli cha mimea ya pwani kisifyekwe.

Na ni kweli hurudi alikozaliwa?

Ndiyo, kwenye eneo lile la pwani alikoanguliwa. Wahenga walisema mwenda tezi na omo hurejea ngamani, na kasa huitimiza methali hii kwa miaka 25 hadi 35, maana ndiyo umri wa kasa wa kijani kuanza kuzaa. Anayepanda Shela mwaka huu huenda aliingia majini kabla hakujawa na nusu ya nyumba anazozikuta. Husaidiwa na uwezo wa kuhisi nguvu ya sumaku ya dunia.

Safari zao ni ndefu. Kasa mmoja aliyewekewa kifaa cha setilaiti baada ya kutaga Diego Garcia, katikati ya Bahari ya Hindi, aliogelea kilomita 3,979 hadi pwani ya Somalia. Na Somalia ni hapo tu, ukishapita Ishakani. Kasa unayemwona Kiunga akila majani huenda anataga kisiwa ambacho mimi na wewe hatutakifika.

Mimi ni mvuvi. Kasa amenasa katika wavu wangu, na wavu ni ghali. Nifanye nini?

Swali hili naliheshimu, maana anayeuliza ana watoto wa kulisha. Jarife lenye matundu makubwa ndilo linaloongoza kwa kunasa kasa. Kasa hupumua hewa kama sisi. Akitulia anaweza kukaa chini saa kadhaa, lakini akihangaika wavuni hewa humwishia upesi na huzama. Kwa hiyo la kwanza ni kutolaza jarife usiku kucha bila kulitembelea, hasa karibu na majani ya bahari na mbele ya fuo za viota.

Ukimtoa akiwa mzima, kata nyuzi chache zilizomshika, ni rahisi kushona macho matatu ya wavu kuliko kuvutana naye mpaka apasue yote. Ukimtoa akiwa hatikisiki, usimtupe. Mlaze kifudifudi, yaani tumbo chini, inua sehemu ya nyuma kiasi cha shibiri moja ili maji yatoke mapafuni, mfunike kwa kitambaa chenye maji bila kuziba pua, na umweke kivulini. Kasa anayeonekana maiti amewahi kuzinduka baada ya saa nyingi. Mpe hata siku nzima. Usimgeuze chali, usimkanyage gamba.

Watamu, kule upande wa Malindi, kuna mpango wa kuwaachia kasa walionaswa ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990. Wavuvi hupiga simu, kasa hupimwa, hutibiwa kama ameumia, huachiwa. Kuna hata hospitali ya kasa. Wavuvi hupewa kitu kidogo cha kufidia muda na wavu. Wapo wanaolalamika kwamba fedha huharibu nia. Mimi naona mvuvi aliyepoteza asubuhi yake kwa ajili ya kasa amefanya kazi, na mwenye kufanya kazi hulipwa.

Wazee wetu walikula kasa. Mbona leo mnatukataza?

Walikula, hatukatai. Wabajuni walikuwa na ustadi wa kumvua kasa kwa kumtumia samaki aitwaye chazo: wanamfunga kamba mkiani, wanamwachia, akamgande kasa, wakavuta. Ni elimu kubwa ya bahari na inafaa iandikwe kabla wenye nayo hawajaondoka. Lakini wakati huo wavuvi walikuwa wachache, nyavu za nailoni hazikuwepo, na fuo zilikuwa na giza.

Kuna jambo la pili, nalo ni la uhai wako. Nyama ya kasa inaweza kuwa na sumu. Machi 2024, huko Kisiwa Panza, Pemba, watu tisa walikufa baada ya kula kasa, wanane kati yao watoto, na wengine 78 wakalazwa hospitalini. Sumu hii haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kutia ndimu. Kasa mwenye sumu hana dalili kwa nje. Hakuna dawa ya kuipindua, na mama akila humpitishia mtoto kwa maziwa. Mtu atakwambia, "nimekula miaka yote sijapata kitu," na huenda anasema kweli, lakini na wa Panza walikuwa wakila.

La tatu ni sheria. Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inamlinda kasa, mayai yake, nyama, mafuta na gamba, na adhabu zake ni za mamilioni ya shilingi au kifungo kirefu. Kwa upande wa dini, wapo wanazuoni wa madhehebu ya Shafii waliosema hafai kuliwa. Hapo muulize sheikh wako, mimi si wa kutoa fatwa.

Mafuta ya kasa hutibu pumu?

Mwenye pumu apelekwe hospitali. Mafuta hayo yanaweza kuwa na sumu ile ile.

Nimeuziwa bangili ya gamba la ng'amba. Ni halali?

Si halali kuinunua, kuiuza wala kusafiri nayo. Biashara ya kimataifa ya gamba hilo imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES tangu miaka ya 1970. Gamba la ng'amba lilisafirishwa kutoka pwani hii kwa karne nyingi, likawa vitana na masanduku ya nchi za mbali, na ndiyo sababu leo ng'amba yuko katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Fundi wa Lamu anaweza kukutengenezea bangili nzuri ya fedha.

Nina nyumba au hoteli ufukweni. Nianzie wapi?

Na taa. Zizime zinazoelekea baharini msimu wa viota. Zisizozimika zishushe chini, zifunike kwa juu, na utie balbu za rangi ya chungwa au nyekundu. Funga mapazia. Viti vya ufukweni viingizwe ndani jioni. Nimeona njia ya kasa ikizunguka kitanda cha jua mara mbili kisha ikarudi majini.

Baada ya taa, ukuta. Ukuta wa zege juu ya mstari wa maji humzuia mama kufika pakavu, na mawimbi yakiugonga hurudi na mchanga. Lamu tuna sababu nyingine ya kuviheshimu vilima vya mchanga vya Shela: chini yake ndiko kuliko maji matamu ya kunywa. Anayevichimba anamdhuru kasa na kisima chake mwenyewe.

Uache pia mlakasa, ule mmea unaotambaa mchangani wenye maua ya zambarau. Hushika mchanga usipeperushwe. Wageni huuona kama magugu na watunza bustani huung'oa ili ufukwe uonekane safi. Jina lake peke yake linatosha kukwambia ni wa nani.

Plastiki ina uhusiano gani na kasa?

Mfuko unaoelea unafanana na konyeza, na kasa wengi hula konyeza. Ukishaingia tumboni huziba. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na tofauti tunaiona, lakini chupa, nyavu na malapa bado huletwa na mikondo kutoka mbali. Kule Kiwayu, kina mama walianza katika miaka ya 1990 kuokota malapa yaliyotupwa na bahari kwenye fuo za viota na kuyachonga wanyama wa kuchezea, kasa wakiwemo. Sifa za kazi hiyo zimeenea duniani. Mwanzo wake ni mikono ya akina mama wa visiwa hivi.

Na bandari?

Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Kuchimba njia ya meli huinua tope, na tope likitua juu ya majani ya bahari huyanyima mwanga. Hayo ndiyo malisho ya kasa na mazalia ya samaki tunaowavua. Kuna na taa, na meli ziendazo kasi. Sitaki bandari ifungwe, vijana wetu wanahitaji kazi. Ninachotaka ni malisho yapimwe kila mwaka na wavuvi waambiwe matokeo.

Nasikia kasa wa kijani ametolewa katika orodha ya walio hatarini. Kwa hiyo kazi imekwisha?

Ni kweli. Oktoba 2025 shirika la uhifadhi la IUCN lilimtoa kasa wa kijani katika daraja la walio hatarini na kumweka katika lile la wasiwasi mdogo, kwa kuangalia dunia nzima. Nilifurahi sana kuisoma. Hiyo ni kazi ya watu waliolala fukweni kwa miongo, na imenionyesha kwamba kulinda viota kunaleta kitu. Lakini hesabu ya dunia si hesabu ya kila ufukwe. Mahali pengine wanaongezeka, pengine wanapungua. Ng'amba hajatoka alipokuwa.

Nani hulinda viota hapa?

Hifadhi ya Bahari ya Kiunga ilitangazwa mwaka 1979 na iko chini ya KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya. Shela na Manda kuna kikundi cha uhifadhi wa bahari kilichoanza miaka ya 1990, na katika vijiji kuna BMU. Lakini wengi wanaotupigia simu ni wavuvi, wachunga punda na watoto.

Nimekuta kasa aliyekufa ufukweni. Nimzike?

Subiri kwanza. Toa habari KWS au kwa walinzi wa karibu, piga picha kichwa, gamba na jeraha lolote, na utazame kama mapezi yana kipande cha chuma chenye namba, ukiikuta, iandike. Angalia pia kama ana uvimbe mwili wake, kama vichwa vya koliflawa, maana kuna maradhi ya namna hiyo yanayofuatiliwa. Usimpasue na usichukue chochote. Wakishampima, azikwe mbali na mstari wa maji, kina cha kutosha mbwa wasimfukue, na mbali na viota.